Sababu za Kuazima

Nchi ya Ithibati haitafutwi. Wapo walioitafuta wakarudi na vumbi tu, kwa hiyo nawaambia mapema msijisumbue. Nyamizi binti Kasubi aliifikia kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Alikuwa akimburuta mdogo wake, Kapaya, ndani ya nusu ya mzinga wa gome, mguu wa Kapaya umevunjika chini ya goti, na msitu ulipokwisha akaona mbele yake barabara iliyofagiwa, nyumba zilizopakwa chokaa, na watu wenye adabu mno.

Hawa wawili walikuwa warina asali. Kamba ilikatika Kapaya akiwa juu ya mti, na Nyamizi akiwa chini ameshika ndoo. Kuhusu safari yao hayo yanatosha.

Mtu wa kwanza kukutana nao alikuwa mwanamume wa makamo akisukuma mkokoteni, jina lake Bwana Tindo. Alisimama. Akauangalia ule mguu, na machozi yakamlenga, machozi ya kweli kabisa. Kisha akatoa mfukoni kitabu kidogo chenye jalada jeusi, akalamba kidole, akafunua kurasa.

"Pole sana, dada yangu," akasema. "Kumsaidia aliyeumia ninako, huku hapa, ukurasa wa saba. Lakini muhuri wake umekwisha tangu mwezi wa nne. Huruma yangu iko matengenezoni."

"Mkokoteni wako mtupu," Nyamizi akasema.

"Mtupu kabisa," Bwana Tindo akakubali kwa majonzi. "Ningekuwa na muhuri ungeona."

Akawaaga vizuri, maana ukurasa wake wa kuaga ulikuwa hai, akaenda zake akigeuka nyuma kila hatua kumi. Baada yake alikuja mama mmoja ambaye muhuri wake ulikuwa mzima, ila ulihusu watu walioumizwa na wanyama tu. Aliuliza kwa matumaini kama pengine palikuwa na ng'ombe. Nyamizi akasema ulikuwa mti. Mama akauliza kama juu ya mti hapakuwa na nyuki, kwa kuwa nyuki naye ni mnyama ukiitafsiri sheria kwa moyo mpana. Kapaya, ambaye kusema uongo hajui hata akifa, akajibu toka ndani ya gome lake kwamba mzinga ulikuwa mpya, nyuki hawajaingia. Mama akaondoka akifuta macho kwa ncha ya khanga.

Sasa sikilizeni utaratibu wa kule, msije mkadhani nawasengenya watu. Kila raia wa Ithibati ana Daftari la Mwenendo. Kila analoliamini kuwa jema au baya lina ukurasa wake, na kila mwaka huupeleka ukurasa huo Ofisi ya Ukaguzi. Mkaguzi huuliza swali moja: "Kwa nini?" Ukijibu, unapigiwa muhuri. Usipojibu, unaruhusiwa kuendelea kuamini, ila huruhusiwi kutenda. Waasisi wa nchi waliona watu wanaishi kwa mazoea, wakasema haifai, kila mtu ajiulize. Ni wazo zuri na mimi sina ugomvi nalo. Tatizo lilianza pale watu walipozidiwa na shughuli. Kujiuliza kunachukua muda, na foleni ilikuwa ndefu. Basi ofisi, kwa wema wake, ikakusanya sababu zote nzuri katika Rejista ya Sababu, ikafungua dirisha, na yeyote aliyepungukiwa akawa anajaza fomu anaazimwa sababu moja, anaikariri nyumbani, anarudi kuisema. Wakaguzi nao, waliosikiliza watu mia nne kwa siku, wakajifunza kusikiliza kitu kimoja tu, nacho ni kusitasita. Ukisita, umefeli. Ukitiririka, umepita.

Nyumba ya saba ndiyo iliyofunguka. Alitoka bibi mfupi wa miaka sabini, Bi Zuwena, mikono imejaa unga, akauona ule mguu akasema, "Mama wee! Mlete ndani haraka." Halafu akakumbuka, akashika mdomo, akauacha na alama ya unga.

Kwa kweli Bi Zuwena alikuwa na ukurasa huo. *Majeruhi asiyejulikana huingizwa ndani.* Lakini kwa miaka kumi na mmoja mfululizo alikuwa amefeli ukaguzi wake. Wenzake waliazima sababu dirishani, yeye kwa ukurasa huu alikataa, hata mwenyewe hajui kwa nini, akawa kila mwaka anamjibu mkaguzi, "Sasa mwanangu, aachwe nje?" Nalo hilo ni swali, si sababu.

"Barazani," akasema kwa sauti ya chini. "Baraza si ndani."

Kumbe jambo hilo lilikuwa halijaamuliwa. Kabla maji ya kumwosha Kapaya hayajapata moto, alifika Bwana Makungu, mkaguzi wa mtaa, akiwa na kamba ya kupimia na papai. Papai lilikuwa la mgonjwa, kwa sababu ukurasa wake wa kuwapelekea wagonjwa matunda ulikuwa na muhuri mpya. Akapima toka ukutani hadi pale matone ya paa yanapodondokea, akapima na Kapaya, akaandika.

"Toka kiunoni kwenda juu mgonjwa yuko ndani," akasoma. "Mguu uliovunjika uko barabarani. Kwa hiyo, Bi Zuwena, una nusu ya kosa. Nakuomba umvute nje kiasi cha mkono mmoja."

"Na nikimvuta ndani?"

Bwana Makungu hakuwa mtu mbaya. Alimwangalia bibi yule kwa masikitiko. "Ukimwingiza bila muhuri, daftari lako litachukuliwa. Na asiye na daftari unamjua. Hasalimiwi. Akifa, majirani hawamziki. Kwa umri wako, Bi Zuwena, hilo si la kuchezea."

Bi Zuwena alikuwa mjane. Majirani ndio watu wake, na tangu nywele zilipoanza kuota mvi alikuwa amefikiri sana juu ya nani atamzika. Alishika ncha ya mkeka, akamvuta Kapaya nje mkono mmoja.

Ng'ambo ya mtaro, hatua hamsini hivi, mwanamke alikuwa amesimama mlangoni kwake na vipande vinne vya mti laini mkononi. Alikuwa Raya, binti wa Bi Zuwena, mwana pekee, na fundi wa kuunga mifupa ambaye watu walimfuata kutoka mbali aende kuwatibu majumbani mwao. Magango hayo ya kufungia mfupa alikwisha kuyachonga tangu alipouona ule mguu ukiburutwa barabarani.

"Mama!" akaita. "Mguu huo ukipita kesho jioni utaunga vibaya. Au utaoza."

Bi Zuwena akatazama papai.

Nyamizi akauliza kilichokuwa wazi: kwa nini fundi asije? Akaelezwa kwa utulivu. Raya aliolewa na mtu wa kuja, asiye na daftari, na hakuomba idhini. Kwa hiyo kwa ukurasa wa ishirini na mbili wa Bi Zuwena, wenye mihuri kumi na mitatu mizima, haruhusiwi kuingia katika nyumba ya mama yake. Na kwa nini mgonjwa asipelekwe kwa Raya? Kwa sababu nyumba ya asiye na daftari si nyumba. Atakayelazwa humo anahesabiwa yuko barabarani. Na kwa nini asitibiwe hapo hapo barabarani? Kwa sababu matibabu ya barabarani huhesabiwa kuwa maonyesho, nayo yanahitaji kibali cha ngoma.

"Kwa hiyo nyumba pekee inayomtaka," Nyamizi akasema polepole, "ndiyo pekee ambayo fundi haingii."

"Umeelewa upesi," Bwana Makungu akamsifu. "Wageni wengi huchukua siku mbili." Akakunja kamba yake akaondoka. Ukaguzi wa Bi Zuwena ulikuwa kesho yake asubuhi, akamkumbusha. Akipita ukurasa wa saba, mgonjwa ataingia.

Alasiri Bi Zuwena aliketi kizingitini akakariri kurasa zake, kama wafanyavyo watu wote wa nchi ile siku ya mwisho kabla ya ukaguzi. Alizisema kwa mahadhi, macho kayafumba, mwili ukiyumba kidogo. Kutosema uongo, kwa sababu. Kutokata mti wa jirani, kwa sababu. Nyamizi alikuwa akimkanda Kapaya kwa kitambaa cha maji na hakuwa akisikiliza sana, mpaka ukafika wa ishirini na mbili.

"Binti aliyeolewa bila idhini asiingizwe ndani ya nyumba. Kwa nini? Kwa sababu wakati wa joto hutoa povu, huvutia nyuki, na mfuniko ukikazwa chombo hupasuka."

Kitambaa kikamdondoka Nyamizi mkononi.

"Bibi, hebu rudia."

Bi Zuwena akarudia, bila kusita hata kidogo.

Kapaya akaanza kucheka. Alikuwa na homa, kila akicheka mguu unamuuma, anaguna, anacheka tena. "Dada," akasema, "hiyo si asali mbichi hiyo?"

"Ndiyo hiyo hiyo," Nyamizi akasema. "Bibi, usinichukie. Hii ni kazi yangu tangu utoto. Asali ukiirina kabla nyuki hawajaziba masega, inakuwa na maji. Ukiiweka ndani kwenye joto inachacha, inatoa povu. Nyuki wanaifuata harufu. Na ukibana mfuniko, chungu kinapasuka, unaamka asubuhi sakafu inanata. Ndiyo maana asali mbichi haiingizwi ndani ya nyumba. Hiyo ni sababu, tena nzuri. Lakini ya asali."

"Huielewi," Bi Zuwena akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Povu ni fedheha. Nyuki ni majirani. Mfuniko ni heshima ya ukoo. Mfasiri Mkuu ameandika juzuu tatu."

"Juzuu tatu! Na hakuna hata mmoja aliyetia kidole akaonja?"

"Juzuu ya pili yote ni ya nyuki."

"Bi Zuwena," Nyamizi akasema, "Raya alitoa povu lini?"

Bibi yule akafungua mdomo kujibu, maana jibu lilikuwepo, lilikuwa ukurasa wa arobaini wa juzuu ya kwanza. Halikutoka. Akageuza macho ng'ambo ya mtaro. Raya alikuwa bado pale mlangoni, ameketi sasa, magango mapajani. Alikuwa amenenepa kidogo tangu aolewe, na mvi moja mbili zimemtoka, na mama yake hakuwa ameziona kwa karibu.

"Hii sababu uliipata wapi?" Nyamizi akauliza.

"Dirishani. Siku ile ile aliyoondoka. Nilikuwa na hasira. Nilimlea peke yangu mtoto yule, akaondoka na mtu hata jina lake nilikuwa silijui. Nilitaka muhuri, mwanangu. Sikutaka sababu. Karani akanipa karatasi, sikuisoma, niliikariri. Kufika jioni naijua yote."

"Na ukurasa wa saba? Huu wa majeruhi? Kwa nini hukuazima?"

"Huo nao sijui."

"Jaribu."

Bi Zuwena alikasirika. Watu wa Ithibati hawajazoea kuulizwa mara ya pili. "Nimesema sijui! Atakaa nje vipi mtu ameumia? Jua hili, vumbi hili, watu wanapita wanamtazama..." Akasita. Kwa mkaguzi angekuwa amefeli hapo hapo. Nyamizi akangoja, akaendelea kumkanda mdogo wake.

"Nililala barabarani kama yeye," Bi Zuwena akasema mwishowe, akamwonyesha Kapaya kwa kidevu. "Raya alikuwa hajazaliwa. Nilikuwa na mimba nyingine, ya kwanza. Nilianguka natoka kisimani, mtaa wa watu nisiowajua. Nililala toka adhuhuri mpaka jua likapoa. Walipita wengi. Wote walinipa pole, wote walifungua madaftari. Mtoto yule sikumpata." Akapangusa unga mikononi, ingawa haukuwepo tena. "Mimi nilikuwa na daftari, Nyamizi. Lilikuwa hapa kifuani, lina mihuri yote. Na pale chini halikunisaidia kitu. Nilichokuwa nacho ni maumivu tu, na yalitosha. Yalitakiwa yatoshe. Anayeumia haulizwi kwanza ni wa nani na ana karatasi gani."

"Basi hiyo ndiyo sababu yako."

"Ndiyo hii?" Bi Zuwena akashangaa. "Mbona nilikuwa nayo siku zote?"

Kisha Nyamizi akaona uso wa bibi unabadilika, si kwa furaha, na akajutia kidogo maswali yake. Ile sababu ilikuwa haikuishia ukurasa wa saba. Ilikuwa imeanza kutembea kwenye kurasa nyingine.

"Yule mume wa Raya," Bi Zuwena akasema taratibu. "Alipokuja hapa mara ya kwanza, alikuwa amekimbia vita kwao. Miguu imemvimba. Nilimuuliza ni wa nani na ana karatasi gani." Akainama. Alilia bila sauti, mabega yanatikisika.

Alipojifuta akageuka, na ukali umemrudia kidogo. "Na wewe, mwuliza maswali. Umesema kamba ilikatika. Nani alifunga kamba?"

"Kapaya."

"Nani anajua kufunga kamba vizuri zaidi?"

"Dada," Kapaya akajibu toka mkekani. "Na kupanda pia ananishinda. Alianza kupanda mimi natambaa."

"Kwa nini basi hukupanda wewe?"

"Kwetu mwanamke hapandi mzingani."

"Kwa nini?"

Nyamizi akafungua mdomo. Jamani, hakikutoka hata kitu kimoja, hata cha kuazima.

Asubuhi Ofisi ya Ukaguzi ilikuwa imejaa. Bwana Makungu alifungua daftari ukurasa wa saba, akauliza bila kuinua macho, "Kwa nini?" Bi Zuwena akaeleza. Alieleza kwa maneno yake, akisita, akirudi nyuma kusahihisha, akitaja kisima na jua. Watu wa foleni walianza kukohoa kwa aibu kwa niaba yake.

Bwana Makungu akasikiliza mpaka mwisho, na kwa kitambo aliacha kalamu. Halafu akafungua Rejista, akatafuta. "Haimo," akasema. "Ni habari ya kusikitisha, Bi Zuwena, na nakupa pole. Lakini imemtokea mtu mmoja tu. Sababu hutakiwa iwe ya watu wote."

"Mtu yeyote akianguka inakuwa yake."

"Basi aanguke kwanza, aje tumwandikishe." Akapiga alama ya kufeli. "Ishirini na mbili. Kwa nini?"

"Huo nataka kuufuta."

Kalamu ikasimama. Bi Zuwena akaeleza habari ya asali, na ilibidi aitwe Mfasiri Mkuu, Bwana Sudi Kirungu, mzee mnene mwenye sauti nzuri. Alikuja na juzuu ya pili. Alisema swali hilo si geni. Yeye mwenyewe alilitupilia mbali katika tanbihi ya sitini. Kudhani kuwa nyuki ni nyuki, akasema, ni usomaji wa kitoto. Nyamizi akamwuliza kama amewahi kuona asali ikichacha. Mfasiri Mkuu akajibu kwa heshima kwamba asali yeye huletewa ikiwa tayari kwenye kibakuli.

Kwa kuwa ni nchi ya utaratibu, karani akatumwa ghalani kuleta faili la Asali Mbichi. Likapangushwa vumbi, likasomwa mbele ya watu. *Asali mbichi isiingizwe ndani ya nyumba. Kwa nini? Kwa sababu haikumwomba idhini baba yake.*

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kwenye foleni akatikisa kichwa akasema hajawahi kulifikiria hilo, ila ndiyo maana asali ina kiburi.

Bwana Makungu, Mfasiri Mkuu na karani waliteta kwa muda, kisha ukatolewa uamuzi. Ilionekana karatasi mbili zilibadilishana mafaili miaka sitini iliyopita. Hata hivyo katika muda wote huo asali haikuingizwa ndani na mabinti hawakuingizwa ndani, kwa hiyo sababu zote mbili zimefanya kazi ipasavyo, na hakuna haja ya kuzisumbua. Mfasiri Mkuu aliagizwa kuandaa juzuu ya nne, juu ya baba wa asali.

"Lakini wewe, Bi Zuwena," Bwana Makungu akasema kwa upole, "kwa kuwa umejua, nitakuandikia ile inayokuhusu. Hakumwomba idhini baba yake. Sasa una sababu sahihi. Kariri hapo pembeni, urudi, nikupigie muhuri."

Bi Zuwena akaichukua karatasi. Safari hii aliisoma. Aliisoma kwa muda mrefu, foleni inanung'unika nyuma yake.

"Baba yake Raya alikufa mtoto hajajua kutembea," akasema. "Angemwomba nani?"

"Hiyo si kazi ya ofisi."

"Najua. Ni kazi yangu." Akairudisha karatasi mezani. "Nipe fomu ya kuacha."

Bwana Makungu akatafuta kwenye saraka, akatafuta chini ya meza. Palikuwa na fomu ya kuongeza imani, ya kurithi, ya kuhamisha toka kwa mume. Ya kuiacha iliyokwisha kupita haikuwepo. Hakuna aliyewahi kuiomba.

Bi Zuwena akalitoa daftari kifuani, lile jeusi, la miaka hamsini, akaliweka juu ya ile karatasi. "Litunze, baba," akamwambia mkaguzi. "Asante kwa papai." Njiani kurudi aliwasalimia majirani wote kwa majina, na kwa kuwa habari ilikuwa imemtangulia, hakuna aliyeitikia. Alikuwa akitembea haraka, Nyamizi anamfuata nyuma.

Walimwingiza Kapaya ndani wao wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni. Kisha Bi Zuwena akasimama mlangoni akaita ng'ambo ya mtaro, sauti imepasuka, "Raya! Njoo ndani!"

Raya alikuja mbio na magango. Kwenye kizingiti akasimama ghafla, kwa miaka kumi na mitatu ya mazoea.

"Na ukurasa wa ishirini na mbili?"

"Ulikuwa wa asali."

Raya hakuelewa, na nani angeelewa. Nyamizi akamweleza kwa maneno machache, na wakati akieleza uso wa Raya ulipitia kicheko ukatokea upande wa pili.

"Miaka kumi na mitatu, mama? Nimejifungua mara mbili hapo ng'ambo. Ulikuwa unasikia nikilia."

"Nilikuwa nasikia," Bi Zuwena akasema. "Karatasi walikosea wao. Lakini kutouliza ni kwangu, mwanangu. Nimekosa. Sina sababu ya kukupa."

Raya akamtazama mama yake. Akamtazama Kapaya, jasho linamtiririka. "Nipishe," akasema, "mguu huu hauwezi kutungoja." Akaingia. Akauvuta mfupa, Kapaya akapiga ukelele uliosikika mpaka Ofisi ya Ukaguzi, magango yakafungwa. Baada ya hapo ndipo mama na binti walipokaa jikoni, na waliyosemezana huko hayanihusu, wala ninyi.

Kapaya alirudi kwao baada ya miezi miwili, anachechemea kidogo. Tangu hapo Nyamizi ndiye anayepanda. Watu wa kwao walimuuliza kwa nini, naye akawauliza kwa nini asipande, na mpaka leo bado wanafikiri, si haba.

Alikuwa juu ya mti, mwaka wa pili, Kapaya ameshika kamba chini, mume wa Raya alipopita akiwa na habari. Bi Zuwena amefariki. Hakuugua sana. Raya na mumewe walianza kuchimba kaburi peke yao, na majirani wakasimama mbali, wanalia, madaftari mikononi, kila mtu akitafuta ukurasa ambao hakuna aliyekuwa nao.

Ndipo akaja Bwana Tindo na mkokoteni wake. Ndani yake mlikuwa na jembe. Akavua shati, akashuka shimoni. Bwana Makungu akamfuata mpaka ukingoni, maana ndiyo kazi yake, akamwambia, "Bwana Tindo, kumzika asiye na daftari huna hata ukurasa. Kwa nini?"

Bwana Tindo akafungua mdomo, akaufumba. Akaegemea mpini, akasita muda mrefu mno, muda wa kufeli mara kumi, na watu wote wanamtazama.

"Umeniuliza swali zuri," akasema. "Ngoja nimzike kwanza. Kisha nitakwenda kukaa nifikiri, nije nikujibu."

Alimzika. Siku ya tatu alifika ofisini bila daftari, akavuta kiti mbele ya Bwana Makungu, na foleni yote ikasikia alivyoanza: "Kuna mtu niliwahi kumwacha barabarani, na mkokoteni wangu ulikuwa mtupu."